Shika Dumu

Bango letu linasema HATARI, KINA KIREFU.
Mwezi wa kumi linasimama pakavu,
mbuzi wa Chilongani wanajikunia nguzo yake,
na maji yako kule, hatua mia na ishirini,
nimezihesabu mwenyewe.
Mwezi wa tatu limezama hadi shingoni:
anayefika karibu ya kulisoma
ameshachelewa.

Ufukwe wa Hombolo hauna adabu ya kukaa mahali pamoja.
Nasi tunaufuata, na kamba yetu,
na mpira wa ndani wa gurudumu la Fuso,
na madumu manne ya njano,
matatu yakinuka bado mafuta ya kula.

Tuko tisa. Msimu wa kuvuna zabibu tunabaki watatu.
Ndahani wa bodaboda,
Mbeleje anayekaanga perege mnadani,
mwalimu Msaulwa mwenye filimbi ya ligi ya kata,
mimi wa daftari.
Hatulipwi. Mara moja diwani alituletea fulana,
zote saizi moja,
saizi ya diwani.

Usituulize tulijifunzia wapi kuogelea.
Sisi ni watoto wa nchi inayochimba mchanga wa korongo kutafuta maji,
mama zetu walikoga kwa kata moja
wakabakiza ya kuku.
Nilikuwa na miaka thelathini na minane
nilipolala chali juu ya maji mara ya kwanza,
Mbeleje ameniwekea viganja viwili chini ya mgongo
kama anavyogeuza samaki asivunjike,
akisema, legea, baba, legea,
haya maji si uliyaomba mwenyewe?

Ni kweli. Tuliyaomba.

Methali inasema mfa maji haishi kutapatapa.
Aliyeitunga, nadhani, alikaa mbali, kivulini.
Anayetapatapa bado ana pumzi ya kuchezea.
Sisi tunamtafuta aliyenyamaza,
kichwa kimelala nyuma, mdomo usawa wa maji,
kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.
Huyo ndiye wa kukimbilia.
Na ukimfikia usimpe mkono. Mpe dumu.
Shika dumu! Usinishike mimi, shika dumu!
Tunawafundisha hivyo watoto wa shule,
wanacheka, wanarudi nyumbani wakipigiana kelele vumbini:
usinishike mimi.

Jumapili ya Pasaka walikuja wanachuo kutoka mjini
na spika, na gauni jeupe la kupigia picha.
Rudi nyuma, wakamwambia mwenzao,
rudi tena kidogo, kilima kiingie.
Akarudi, na chini pakaisha.
Msaulwa alipuliza hadi filimbi ikajaa mate.
Ndahani aliingia na helmeti kichwani.
Mimi nilishika kamba, ndiyo kazi yangu,
sikuona mtu, niliona kamba tu,
ikawa nzito, ikawa nyepesi,
ikawa nzito.

Tulimlaza ubavu kwenye matope. Akalitapika bwawa.
Neno lake la kwanza: Kiatu changu kiko wapi?
Tulikitafuta hadi jua likazama.
Nikaandika: mtu mmoja, mzima.
Kiatu kimoja, hapana.

Kuna ukurasa nisioufungua mbele za watu.
Mwezi wa tano, mwaka juzi, mtoto wa kuchunga,
alimfuata ndama.
Ndama alitoka.
Sisi hatukuwepo. Ilikuwa Jumanne.
Mama yake hakutulaumu, ingekuwa nafuu.
Alikuja Jumapili iliyofuata na dumu,
la njano, limeoshwa kwa majivu,
kifuniko kimezibwa kwa nta,
akaliweka juu ya yale mengine
akashika njia.

Siku hizi Jumanne pia hukaa mtu.

Leo ni mimi. Upepo unapiga tangu asubuhi,
karatasi za daftari zinajifungua zitakapo.
Hakuna anayeoga.
Maji yamerudi nyuma hatua nyingine tatu,
kwa hiyo nimeling'oa bango, nguzo na yote,
nimelitia begani,
ninakwenda nalo kule yaliko,
mbuzi wananifuata
wakidhani nimebeba chumvi.